Nyumba Iliyofundishwa Kunyamaza

3 Juni

Kosa wanalofanya watu wengi wakitaka kujua mtaa umejaa kiasi gani ni kuhesabu nyumba. Nyumba haziongezeki upesi. Kinachoongezeka upesi ni kuta za ndani, na hizo huzioni ukiwa barabarani. Tazama badala yake viyoyozi vilivyobandikwa ukutani, matanki ya maji juu ya paa na viatu vilivyovuliwa mlangoni, kisha uulize gari la kunyonya maji taka huja mara ngapi kwa wiki. Hapo utajua. Nimefundisha jiografia Nyamira maisha yangu yote na bado napenda kueleza. Basi nitajieleza mwenyewe humu, maana hapa sina darasa.

Kitongoji chetu huku Uarabuni kiko kusini mwa mji wa Al Wakrah, lami inapokatikia. Upande mmoja kuna mazizi ya mbuzi na ngamia, wenyewe huyaita izba. Upande wa pili taa za barabarani zimesimama mchangani zikingoja barabara ije. Bomba la maji taka halijafika. Watu wamefika.

Jumba hili lilijengwa kwa familia moja yenye watoto wengi na mtumishi. Sasa kila chumba kimekatwa vipande kwa mbao za jipsamu, na kila kipande kina kitanda, soketi moja, na mtu au watu. Binti yangu Terry ni muuguzi. Alipanga kipande hapa kwa sababu hosteli ya kliniki yake haipokei mtoto, na fleti nzima haikamatiki. Nimekuja kwa viza ya matembezi kumlelea Phoebe, mwenye miezi saba, mpaka Septemba apate yaya.

Chumba chetu hakina dirisha. Nimeandika sentensi hiyo na kuisoma tena.

5 Juni

Joto. Phoebe ameota jino.

9 Juni

Leo Athanas, msimamizi wa jumba, amekuja kunikaribisha rasmi. Ni mtu wa Taveta, mpole, shati limepigwa pasi hata katika joto hili. Jumba si lake. Analisimamia kwa niaba ya mtu ambaye hatujawahi kumwona.

"Karibu sana, Mwalimu. Hapa tuna sheria moja tu. Lango likigongwa, nyamaza."

"Likigongwa na nani?"

"Na yeyote. Wetu hawagongi, wetu hupiga simu. Anayegonga ni mkaguzi. Zima taa, zima simu, mtoto mpe chuchu. Wakikuta tumejaa hivi, umeme unakatwa na sote tuko nje na magodoro yetu."

Sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta, utadhani mtu yuko chumbani kwetu. "Shosho, usitishwe na huyo! Yeye mwenyewe akisahau ufunguo hulala nje. Hakuna wa kumfungulia!"

"Jebet, nitakuongezea majirani wewe!"

"Niongezee mume basi, majirani nimeshiba!"

Jebet ni msichana wa Kericho. Hufua mashuka usiku kwenye hoteli moja ya West Bay na hulala mchana, pamba masikioni. Kuta ni nyembamba hivi kwamba nikipiga chafya huniambia pole.

Sheria ya Athanas niliiona ya busara. Mwalimu hupenda darasa linalojua kunyamaza.

17 Juni

Upepo wa vumbi kutoka kaskazini, siku ya tatu. Nimeanua nepi zikiwa na rangi ya chai.

Nilipokuwa nje nilimwona jirani, mzee Mkatari mwenye mbuzi. Wanamwita Bu Nasir. Alisimama upande wake wa ukuta, mikono nyuma, akitazama paa letu. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma ubao. Niliinua mkono. Hakuuona au hakutaka kuuona.

"Huyo ndiye jicho la manispaa," Athanas aliniambia. "Kila siku anahesabu viyoyozi vyetu. Usimsalimie."

Kwa hiyo anajua kanuni yangu. Niliingia ndani upesi.

2 Julai

Lango limegongwa.

Ilikuwa asubuhi, Terry ameingia tu kutoka zamu. Mapigo matatu, kisha sauti ya mwanamume kwa Kiarabu, kisha mapigo tena. Sijawahi kuona watu wazima wakitoweka hivyo bila kusogea. Redio ilikatika katikati ya neno. Maji yaliyokuwa yakimwagika bafuni yalikoma. Terry alizima taa, na kwa kuwa hatuna dirisha giza lilikuwa kamili. Nilimsikia Phoebe akinyonya na moyo wangu ukipiga, basi. Nilijiona panya. Panya aliyesoma, lakini panya.

Kisha mgongaji akaenda zake. Watu wakaanza kucheka, kwanza polepole, kisha kwa fujo, kama wanafunzi mwalimu mkuu akishapita. Athanas alipita mlango kwa mlango akitusifu. Nami nilifurahi kusifiwa.

Usingizi umenipotea tangu hapo.

11 Julai

Jumba la kona limefungwa na wakaguzi. Karatasi imebandikwa langoni. Waliokuwa wakikaa humo walikaa kivulini ukutani na masufuria yao, na kabla ya alasiri kivuli kilikuwa kimewakimbia.

Hapa nieleze jambo. Sheria ya kuzuia msongamano ni nzuri, na anayesema ni mbaya hajalala nilipolala mimi. Lakini ukiziba mfereji juu, maji hayafi, yanatafuta njia chini. Watu wale wana kazi kesho. Mmoja hulinda benki, mwingine huendesha basi la shule, mwingine hupika kwenye mkahawa wa mtaa wa matajiri wa The Pearl. Hawawezi kurudi kwao leo wala kufika mjini kesho wakilala mbali. Basi wanaingia nyumba ya pili, nayo inajaa maradufu. Kila jumba linalofungwa hulifanya linalofuata kuwa la hatari zaidi, na linalofuata ni letu.

13 Julai

Nimeamka nikakuta ukuta mpya. Umejengwa ndani ya ujia wetu, ule wa kwenda jikoni na mlango wa nyuma. Nilimwendea Athanas.

"Ukuta wa nini pale?"

"Ni familia, Mwalimu. Kutoka jumba la kona. Mama ana mimba, miguu imevimba. Nimwambie alale mchangani?"

"Na njia ya jikoni?"

"Mtazungukia nje."

"Na mlango wenyewe wa nyuma?"

Alipangusa jasho. "Umebaki ndani ya chumba chao. Wameweka kabati hapo."

Mtu anayekupokonya njia ya kutokea kwa ajili ya mama mjamzito, utamwambia nini? Yule mama anaitwa Winfred. Alinisalimia kwa adabu, akaniomba radhi kwa ajili ya ukuta kana kwamba ameujenga yeye.

Sasa njia ya kutoka ni moja: ujia, kushoto, sebule iliyogeuzwa vyumba vinne, lango.

19 Julai

Harufu ya plastiki ya moto ujiani. Nilifuata pua hadi kwenye ekstensheni iliyochomekwa katika ekstensheni nyingine. Niligusa ukuta karibu na swichi kuu. Ulikuwa na joto la paji la mtoto mwenye homa.

Nilimwambia Terry alipoamka. Alikaa kitandani, nywele ndani ya kitambaa, macho mekundu.

"Mama, unanitisha bure."

"Sikutishi. Nakueleza. Waya ni kama barabara. Hii ilitengenezwa kwa magari machache, na sasa..."

"Unadhani sijui?" Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu ya kuta. "Mimi huosha watu walioungua, Mama. Mimi! Kila ninapofungua mlango huu nayajua yote. Haya niambie, nikihama leo na mtoto nahamia wapi?"

Ng'ambo ya ukuta Jebet alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetaka ujue kwamba anasikia na kwamba hatasema.

Nimeanza kuwa hodari wa kunyamaza.

28 Julai

Umeme ulikatika wakati wa chakula cha mchana, ukarudi. Viyoyozi vyote viliwaka kwa pamoja na jumba likatetemeka.

3 Agosti

Unyevu. Mtu anaoga hewani bila kutaka. Athanas amebadilisha fyuzi, au kitu alichokiita fyuzi.

6 Agosti

Bu Nasir ukutani tena, sasa na mchungaji wake. Wanaonyeshana kidole juu ya paa letu. Hakika tutashtakiwa. Nimepakia nguo za Phoebe kwenye begi dogo na kuliweka miguuni pangu.

Nashangaa ni kitu gani ninakiogopa zaidi: kwamba watakuja kututoa, au kwamba hawatakuja.

14 Agosti

Lango limegongwa mara ya pili. Tulinyamaza vizuri zaidi kuliko mwezi ule. Hata watoto wa Winfred, wageni wa juzi, hawakutoa pumzi. Phoebe alitaka kulia, Jebet akapitisha kidole chake kwenye ufa wa jipsamu, mtoto akakishika.

Mgongaji alikaa muda mrefu zaidi. Alisema maneno mengi, si kwa ukali. Nilidhani ukosefu wa ukali ni mtego.

21 Agosti

Ninaandika kwenye majlisi ya Bu Nasir, sebule yake ya wageni. Mwalimu huandika ripoti mtihani ukiisha, maana kesho atakuwa ameanza kujidanganya.

Ilikuwa saa nane mchana. Terry na Jebet walikuwa wamelala baada ya zamu. Phoebe alikuwa mapajani pangu. Kiyoyozi kilikohoa kikanyamaza, taa ikazimika. Niliwaza kwamba ni kama siku ile ya Julai, umeme utarudi. Kisha lango likagongwa.

Jumba zima likafa. Hakuna aliyetuambia, tulikwisha kufundishika. Mtu ujiani akanong'ona, "Wakaguzi, wamekata umeme." Terry aliamka, na kabla hajaniuliza neno alikuwa amemtia Phoebe chuchu mdomoni. Tulikaa gizani. Mapigo yalikuwa makali kuliko siku zote. Sauti ilipiga kelele. Sisi tulizidi kunyamaza.

Kisha mapigo yakahama.

Yalitoka langoni yakafuata ukuta wa nje, yakagonga sanduku la kiyoyozi cha chumba cha pili, yakaja upande wetu, yakaenda bafuni. Kioo kikavunjika. Hapo ndipo akili yangu, iliyokuwa imelala majira yote ya joto, ilifungua jicho moja. Mkaguzi hutaka mlango. Mkaguzi ana karatasi, ana muda, ana sheria. Mkaguzi havunji dirisha la choo.

Nilisimama. Sebuleni Athanas alikuwa amechuchumaa kati ya vyumba, kidole mdomoni.

"Mwalimu, keti. Tafadhali."

"Athanas, huyo hataki kuingia. Anataka tutoke."

"Wakituona..."

"Nusa!"

Alinusa. Uso wake ulibadilika kabla moshi haujaonekana. Nilivuta komeo la lango na mwanga ukanipiga machoni, na mbele yangu alikuwa Bu Nasir, kanzu imelowa jasho, kiganja kinatoka damu. Alinishika bega akanivuta nje kama gunia. Nikageuka. Moshi ulikuwa ukitoka ujiani kwa kutambaa chini ya dari, mweusi, bila haraka.

"Moto!" nilipiga kelele. "Tokeni! Moto!"

Nilirudi ndani. Nilikutana na Terry akiwa na Phoebe, nikamsukuma kuelekea langoni. "Jebet!" alisema. Jebet alikuwa na pamba masikioni. Nilikwenda. Hatua chache tu, na moshi ukashuka kama pazia. Ninajua mito mikubwa ya dunia inakoanzia na inakoishia. Katika ujia nilioupita kila siku sikujua kushoto wala kulia. Niligusa ukuta ambao haukuwepo Juni. Niligusa mlango usiokuwa wangu. Niliita, na moshi ukaingia mdomoni badala ya sauti kutoka.

Nilisikia mtu akipiga teke jipsamu, mara moja, mara mbili, na ukuta ukapasuka. Alikuwa Athanas, nilikuja kujua baadaye. Hakutafuta mlango wa Jebet, alipita ukutani, akamvuta kwa miguu naye akipiga mayowe kwamba anashikwa na mwizi. Walinipita karibu, sikuwaona. Nilibaki.

Kisha nikamsikia Phoebe akilia, nje, mbali, kwa nguvu zake zote. Mtoto tuliyemziba mdomo majira mazima. Nilipiga magoti nikakifuata kilio kile, nikitambaa, mpaka mikono yangu ikagusa mchanga wa moto.

Winfred na watu wake walitoka nyuma. Mumewe alilisukuma kabati peke yake, kabati ambalo lilipandishwa hapo na wanaume watatu. Mchungaji wa Bu Nasir alikuwa akimwaga maji kwa mpira wa kunyweshea mbuzi wakati gari la zimamoto lilipofika.

Hakuna aliyekufa. Nimeandika sentensi hiyo pia, na kuisoma tena.

22 Agosti

Wanawake na watoto tumelala kwenye majlisi. Wanaume kwenye banda la majani ya mifugo. Tumeletewa tende, mtindi na mikate. Jebet yuko hospitali kwa ajili ya mapafu, ila amemtumia Terry ujumbe kwamba Athanas atamlipa sketi aliyomrarulia.

Mjukuu wa kike wa Bu Nasir, mwanafunzi wa chuo, alitutafsiria. Mzee alitaka kujua jambo moja.

"Babu anauliza, kwa nini hamfungui?"

Nilieleza kuhusu wakaguzi. Alisikiliza, kisha akasema maneno ambayo binti yule alisita kuyatafsiri.

"Anasema alikuja mara mbili kabla ya jana. Waya wenu ule unaopanda paani kupitia juu ya ukuta wake ulikuwa unatoa cheche. Alikuwa akiutazama tangu Juni. Alikuja kuwaambia. Anasema alidhani nyumba haina watu mchana. Kisha akaona viatu."

Nilitazama zulia. Viatu. Kanuni yangu mwenyewe.

Mzee yule, tuliyemwita jicho, kweli alikuwa jicho. Mara mbili alitugongea uhai mlangoni nasi tukajipongeza kwa kumkimbia. Niliomba mjukuu wake amwambie asante, na kwamba tulimwogopa. Alijibu kwa Kiarabu kifupi.

"Anasema, na yeye aliwaogopa ninyi. Mlikuwa wengi na kimya."

30 Agosti

Tumekaa kwa rafiki ya Terry, mjini, sita katika chumba kimoja, lakini ghorofa ina ngazi mbili. Nimezishuka zote.

Athanas amepiga simu. Amepata jumba jingine, kusini zaidi, lami haijafika hata karibu. Atakuwa msimamizi. "Njooni, Mwalimu, nimewawekea chumba cha dirisha." Nilimuuliza sheria ya lango itakuwaje. "Bila sheria ile hakuna nyumba, Mwalimu. Unajua." Mtu huyu alipita ukutani ndani ya moto kwa ajili ya mtu asiye ndugu yake. Atajenga ukuta mwingine kabla ya mwezi kwisha. Nimeacha kujaribu kuamua kama ni mtu mwema. Namwogopa, na namwombea.

6 Septemba

Terry amekubaliana na Jebet. Watachukua chumba pamoja na kijikoni, kwenye jengo la zamani katikati ya mji. Kidogo, kimechakaa, ghorofa ya kwanza. Kina dirisha lisilo na nondo. Kinabana kuliko kile cha kwanza, lakini kanisa, ambalo huku husali Ijumaa, liko karibu. Wameyasema hayo kwa furaha, nami nikaitikia kwa kichwa, lakini nimeona tayari jirani wa ghorofa ya pili akipandisha mbao za jipsamu ngazini. Mtaa ule nao utajaa. Utajaa kwa sababu kwetu tulikotoka nako kumefungwa, kazi hakuna, ni aina nyingine tu ya karatasi langoni.

10 Septemba

Phoebe amesimama peke yake akishika kitanda. Nimefunga sanduku.

11 Septemba

Ndege ni usiku. Terry yuko zamu. Tumeagana asubuhi bila maneno mengi. Yaya amefika, anaitwa Proscovia, ana mikono thabiti.

Terry, kitabu hiki nakuachia juu ya friji. Nimekueleza mambo mengi tangu utotoni na mengi ulikuwa unayajua. Hili hukuwa unalijua, wala mimi. Siku ile sikupotea kwa sababu ya moshi. Nilipotea kwa sababu sikuwahi kuipita njia ile bila macho, na watu walikuwa wameibadilisha nikiwa nimeketi naitazama. Siwezi kuzuia kuta za watu, na wewe huwezi. Nikiwa Nyamira nitakuwa naogopa kila simu itakayoita mapema, na hofu yangu haitakusaidia kitu.

Leo ukirudi kutoka kazini, kabla hujavua viatu, mbebe Phoebe, kaa kitandani, funga macho, na utembee mpaka usikie hewa ya nje usoni.